Kipini cha pua na hereni kazini: tunatetea amri au ada?

  

Ndugu wasomaji, liko suala ambalo tumekuwa tukiulizwa misikitini na katika darasa za akina mama, ambalo kwa mtazamo wa haraka huonekana dogo lakini linagusa riziki za watu. Binti amemaliza masomo, akapata ajira ya mapokezi katika benki au hoteli. Siku za mwanzo tu anaitwa na msimamizi wake na kutakiwa avue kipini cha pua, kwa hoja kwamba hakilingani na sura ya ofisi. Kipini chenyewe ni kidogo kama punje ya mtama, na aliyemvisha ni bibi yake. Binti anajibu kwamba dini yake inamtaka akivae. Msimamizi anatazama pembeni, anawaona Waislamu wengine watatu wasio na vipini, na haamini neno lake. Kuanzia hapo neno huzaa neno, na wapo waliopoteza kazi kwa mvutano wa namna hiyo.

Upande wa pili wako vijana wa kiume wanaotoga masikio na kuingia kazini na hereni, wakidai kwamba mwili ni wao na hakuna wa kuwauliza.

Leo, inshaAllah, tutalitazama jambo hili kwa maswali matatu kwa mpangilio wake. Kwanza, sheria ya dini inasemaje? Pili, ada ya watu ina nafasi gani? Tatu, mkataba wa kazi unamfunga nani, na kwa kiasi gani? Wengi wetu huanza na swali la tatu, tukagombana, kabla hatujajua tunachogombania ni kitu gani.

KUTOGA MASIKIO KATIKA ZAMA ZA MTUME (SAW)

Wanawake wa zama za Mtume (SAW) walikuwa wakivaa hereni. Katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas (RA), iliyomo ndani ya Sahihi mbili, imeelezwa kwamba siku ya Idi Mtume (SAW) aliwaendea wanawake akiwa pamoja na Bilal (RA), akawahimiza kutoa sadaka. Wakawa wanavua hereni na pete zao na kuzitia katika nguo ya Bilal. Mtume (SAW) alizipokea sadaka hizo, wala hakupokewa akiwakemea kwa kutoga masikio.

Vilevile katika Hadithi mashuhuri ya Ummu Zar-i, aliyoisimulia Bibi Aisha (RA), mwanamke huyo anamsifu mumewe kwa kumjaza mapambo masikioni. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), aliifanya Hadithi hiyo kuwa miongoni mwa dalili za kujuzu kumtoga mtoto wa kike, na akaona haifai kwa mtoto wa kiume.

Pamoja na hayo, wanavyuoni hawakuwa na kauli moja. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliandika katika Ihyaa kwamba haoni ruhusa ya kuyatoboa masikio ya binti kwa ajili ya dhahabu, kwa kuwa ni jeraha lenye kuumiza na pambo hilo si la lazima. Wako pia waliotazama Surat An-Nisaa, aya ya 119, inayotaja jinsi shetani alivyoapa kuwaamrisha watu wakate masikio ya wanyama na kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Walioruhusu walijibu kwamba kilicholaumiwa hapo ni yale waliyoyafanya washirikina kwa wanyama wao kwa ajili ya masanamu, na kwamba tundu dogo la pambo lililojulikana zama za Mtume (SAW) haliingii humo.

Tunachojifunza ni kwamba walioruhusu waliishia kwenye neno "inajuzu". Hatumjui mwanachuoni anayetegemewa aliyesema kwamba mwanamke asiyetoga masikio ameacha faradhi. Neno hili tulishike vizuri, kwani tutalihitaji mbele.

PUA, NA HUKUMU YA ADA

Ama pua, mazungumzo ya mafakihi yana mafunzo makubwa zaidi. Ibn Hajar al-Haytami, mmoja wa nguzo za madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 974 Hijria (1566), alieleza katika Tuhfa kwamba kutoboa pua kwa ajili ya kutia pete ya fedha au dhahabu ni haramu. Sababu aliyoitoa ni kwamba hilo halihesabiwi kuwa ni pambo ila kwa kundi dogo la watu, na kundi dogo haliangaliwi mbele ya ada iliyoenea.

Naye Ibn Abidin, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1252 Hijria (1836), alisema kwamba ikiwa kutoboa pua ni katika mapambo ya wanawake, kama ilivyo katika baadhi ya miji, basi hukumu yake ni kama ya kutoga masikio.

Msomaji anaweza kudhani kwamba mabwana hawa wawili wamepingana. Ukitazama kwa utulivu utaona kwamba wote wawili wameuliza swali moja: je, watu wa mahali hapa wanalihesabu jambo hili kuwa ni pambo? Mmoja alitazama ada akaona halimo, mwingine akatazama ada ya miji mingine akaona limo. Hii ndiyo kanuni kubwa ya fiqhi kwamba ada hufanywa kuwa hakimu pale ambapo hapana nassi ya wazi.

Sasa na tutazame kwetu. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, Lamu, Mombasa, Unguja, Pemba na kwingineko, kipini cha pua si kitu kilicholetwa na filamu za juzi. Lugha yetu yenyewe ni shahidi, kwani Kiswahili kina kipini, kina kishaufu na kina hazama. Kwa upande wa masikio, lugha ina majasi na vipuli, na tundu lenyewe la sikio lina jina lake, ndewe. Lugha haizai majina mengi kwa kitu ambacho watu hawakijui. Wanawake wenye asili ya Bara Hindi wanaoishi nasi nao wana vipini vyao. Kwa mizani ya Ibn Abidin, basi, kipini kidogo kwa mwanamke wa jamii hizi kina pahala pa kusimama. Aliyeshika kauli ya Ibn Hajar na kujiepusha, naye amefanya la tahadhari, na asilaumiwe.

Kutoboa ulimi, nyusi, midomo au kitovu kwa kuiga wasanii ni jambo jingine. Halina ada ya pambo kwa Waislamu wa mwambao, na ndani yake mna maumivu na hatari ya maradhi bila ya faida. Hilo tunalikataza.

HERENI KWA WANAUME

Kijana wa kiume wa Kiislamu anayetoga sikio kwa ajili ya pambo amefanya lisilofaa. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (RA), katika Sahihi ya Bukhari, kwamba Mtume (SAW) amewalaani wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume. Katika jamii zetu za Kiislamu hereni ni pambo la kike, na ikiwa ni ya dhahabu limeongezeka katazo jingine, kwa kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume.

Hata hivyo tuwe waadilifu. Ndugu zetu Wamasai, wanaume kwa wanawake, hutoga masikio na kuyapanua, na kwao hilo ni alama ya kabila na rika. Tusichukue hukumu ya fiqhi yetu tukaifanya fimbo ya kumpiga asiyekuwa wa dini yetu kazini. Na kijana wa Kiislamu ambaye tayari ana tundu sikioni, toba yake ni kuiacha hereni. Tundu halimzuii kusali, kuoa wala kuajiriwa, na wanaomnyanyapaa kwa alama ya zamani hawamsaidii kurejea.

PAMBO LINALOONEKANA

Yako maelezo ambayo mabinti zetu hawayapendi, lakini haki husemwa. Mwanamke wa Kiislamu anayejisitiri, masikio yake yako ndani ya mtandio. Hereni zake si suala la mwajiri, kwa sababu hazionekani. Linalobaki machoni pa watu ni lile la usoni, na hapo inatukabili Surat An-Nur, aya ya 31, inayowataka waumini wa kike wasidhihirishe mapambo yao ila yale yanayodhihirika.

Ibn Mas'ud (RA) alifasiri kwamba yanayodhihirika ni nguo za nje. Ibn Abbas (RA) alifasiri kuwa ni uso na viganja, na katika baadhi ya riwaya ametaja wanja na pete. Anayefuata kauli ya pili anaweza kukikisia kipini kidogo juu ya wanja na pete. Lakini hazama kubwa yenye kuning'inia na kumeremeta, yenye kuvuta kila jicho linalopita kaunta, imetoka katika kisio hicho. Pambo la namna hiyo mahali pake ni nyumbani na katika hafla za wanawake, hata kama mwajiri mwenyewe hana neno.

TOFAUTI YA KIPINI NA HIJABU

Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Hijabu ni amri. Kipini ni ruhusa iliyosimama juu ya ada. Binti anaposema mbele ya mwajiri kwamba kipini ni amri ya dini, amefanya makosa mawili. La kwanza, amemsingizia Mwenyezi Mungu amri asiyoitoa, na hilo si jambo jepesi. La pili, amemdhuru dada yake atakayekuja kesho kutetea mtandio. Msimamizi aliyekwisha kusikia kwamba kipini ni faradhi, kisha akagundua kwamba sivyo, ataliamini vipi neno la huyo wa pili?

Kisa kimoja cha Marekani kinatupa zingatio. Mwaka 2001 kampuni ya maduka ya Costco ilimwachisha kazi keshia mmoja katika jimbo la Massachusetts, aliyekataa kuvua kipini cha nyusi. Mwanamke huyo, ambaye hakuwa Mwislamu, alidai kwamba kikundi chake cha imani kinamtaka avionyeshe vipini vyake wakati wote. Shauri lilipofika Mahakama ya Rufani, mwaka 2004, mwajiri alishinda. Mahakama iliona kwamba suluhu pekee aliyoikubali ni kusamehewa kanuni moja kwa moja, na kwamba huo ni mzigo mkubwa kwa kampuni iliyotaka wahudumu wake waonekane nadhifu mbele ya wateja. Anayelifanya jambo kuwa amri isiyogeuka, amejifungia mwenyewe mlango wa suluhu.

Je, tuseme basi kwamba ada haina haki? Hasha. Tazama kisa cha Afrika Kusini. Mwaka 2004 mwanafunzi wa Durban Girls' High School, binti wa Kihindu mwenye asili ya kusini mwa India, alivishwa kipini kidogo cha dhahabu puani. Mama yake aliieleza shule kwamba hiyo ni mila ya ukoo wao binti anapovunja ungo, na kwamba afikishapo miaka 16 bibi yake humbadilishia kwa kipini cha almasi. Shule ilikataa, kwa kuwa kanuni zake ziliruhusu hereni za masikio peke yake. Mahakama ya kwanza iliipa shule ushindi, ya pili ikaipa familia, na hatimaye tarehe 5 Oktoba, 2007 Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Pius Langa, ikaamua kwamba shule ilimbagua binti yule. Mahakama ilisema kwamba mila haipotezi ulinzi kwa sababu tu mtu anaifuata kwa hiari yake, na ikaiagiza shule irekebishe kanuni zake ili wenye sababu za dini au mila wapate nafasi ya kusikilizwa.

Hilo lilikuwa shauri la shule, na kazini pana mambo ya ziada, lakini funzo lake linahamishika. Familia ile haikuhitaji kuidanganya mahakama. Ilisema kwa ukweli kwamba hii ni mila yetu na heshima ya wazee wetu, na ukweli huo ulitosha kusikilizwa.

AJIRA NI MKATABA

Surat Al-Maida imefunguliwa kwa kuwaamrisha waumini kutekeleza mikataba. Na katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Waislamu hufungwa na masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Mtu akitia saini mkataba uliotaja kanuni za mavazi, akazisoma na kuzikubali, hana haki ya kuzivunja kesho yake. Kuvua kipini saa za kazi si kuharamisha halali, kwa kuwa jioni anakirudisha. Kumtaka avue mtandio ni sharti la aina nyingine, kwani huko ni kutakiwa aache alichoamrishwa.

Lakini mkataba una pande mbili, na mwajiri naye ana mipaka. Tunamwomba apambanue baina ya sababu mbili: usalama na sura.

Mwenye kuhudumia mashine, jikoni, maabara au wodini, pambo lake linaweza kunasa, kudondoka au kubeba uchafu. Miongozo ya kimataifa ya usafi wa chakula, inayoitwa Codex, inataka vito, saa na vitu kama hivyo visiingie sehemu za kuandalia chakula iwapo vinahatarisha usalama wake. Hapo Mwislamu atii bila ya kinyongo, kwani kuondosha madhara ni katika kanuni za dini yake.

Sababu ya sura ni dhaifu zaidi. Tarehe 15 Januari, 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu juu ya Wakristo wawili wa Uingereza waliozuiwa kuonyesha misalaba yao kazini. Mfanyakazi wa shirika la ndege la British Airways alishinda, kwa kuwa kilichotajwa dhidi yake ni sura ya shirika tu. Muuguzi wa hospitali alishindwa, kwa kuwa mkufu wake ulihusu usalama wa wagonjwa. Siku moja, hukumu moja, na mpaka ukachorwa pale pale tunapouchora sisi.

Kwetu pia sheria haziko kimya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, na miongoni mwake imetaja dini, utamaduni na mavazi. Tanzania ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo inakataza ubaguzi wa dini, kabila na jinsia, huku ikikubali sifa ambazo kazi yenyewe inazihitaji.

Na yako mambo yanayoshangaza. Katika baadhi ya hoteli zetu za pwani, mlinzi wa Kimasai husimama langoni na mapambo yake ya masikio, wageni wakamtazama kwa furaha na kupiga naye picha. Ndani, kwenye kaunta, binti wa pwani hiyo hiyo anaambiwa kwamba kipini chake si cha kiweledi. Ikiwa mila ni fahari langoni, kwa nini iwe aibu mapokezini? Tunahofia kwamba katika baadhi ya ofisi neno weledi limekuwa jina jingine la kufanana na wageni. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa.

NASAHA ZETU

Kwa binti anayeomba kazi: uliza kanuni za mavazi kabla ya kutia saini. Ukiwa na kipini, sema ukweli kwamba ni ada ya kwenu, na uombe kwa adabu uruhusiwe kilicho kidogo. Ukikataliwa, omba kukibadilisha saa za kazi kwa kijiti cha plastiki kisicho na rangi. Ikishindikana, pima mwenyewe: riziki ya halali ni bora kuliko punje ya dhahabu, na kukivua si dhambi.

Kwa mzazi: kama mnataka kumtoboa binti, fanyeni mapema na kwa mtu mwenye vifaa safi, kwani sindano iliyotumika huweza kuambukiza homa ya ini. Ndewe ya sikio hupona kwa wiki chache, lakini tundu la pua huchukua miezi, na likiachwa wazi kabla ya kupona huziba. Si busara kutoboa wiki moja kabla ya kuanza kazi. Na mfundisheni kwamba wakati wa kuoga janaba, pambo linalobana lisogezwe maji yafike kwenye ngozi.

Kwa mwajiri, na hasa mwajiri Mwislamu: andika kanuni zako wazi, zitaje sababu, na uzitumie kwa wote sawasawa. Usimvizie mtu kwa kanuni ambayo hakuonyeshwa siku ya usaili. Kabla ya kumwambia avue, jiulize kama kazi yenyewe itaharibika. Kama jibu ni hapana, basi umuache, kwani mteja hukumbuka zaidi jinsi alivyohudumiwa kuliko kilichokuwa puani mwa aliyemhudumia. Uungwana ni vitendo.

Ndugu wasomaji, dini yetu imeyapanga mambo kwa daraja zake: la faradhi, la sunna, la halali, la makuruhu na la haramu. Kila jambo likiwekwa katika daraja lake, ugomvi mwingi huisha wenyewe. Tusimame imara kwenye amri, tuombe kwa upole kwenye ada, na tusichanganye viwili hivyo kwa ajili ya kushinda mabishano ya siku moja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) awaruzuku vijana wetu kazi za halali, awapambe kwa haya na ukweli, na atujaalie sote uadilifu kwa walio chini yetu. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.